Jogoo, Mabati na Maiki



Leo nazungumza na mtu anayerekodi sauti yake nyumbani, na mtu huyo nimemweka Kianjokoma, Kaunti ya Embu, pale mashamba ya majani chai yanapopanda hadi kugusana na msitu wa Mlima Kenya upande wa Irangi. Nimemweka huko makusudi. Mtu wa Githurai akilalamikia kelele, hakuna anayembishia. Wa Kianjokoma akilalamika huchekwa: kelele za nini huko kwenu, kwenye baridi na ukungu? Wanaomcheka hawajawahi kubonyeza kitufe cha kurekodi huko saa kumi na mbili asubuhi.

Na wanaokibonyeza siku hizi ni wengi. Yuko mwalimu anayewatumia wanafunzi wake marudio ya somo. Yuko mhubiri, yuko mwimbaji wa injili anayetaka kusikia wimbo wake kabla ya kulipia studio mjini Embu. Yuko kijana anayetuma ripoti kwa kituo cha lugha ya nyumbani, Wimwaro FM kwa Kiembu au Muuga FM kwa Kimeru, na yuko mjukuu aliyeamua kumrekodi nyanya yake akisimulia, angali na nguvu za kusimulia. Wako pia wanaosoma sentensi za Kiswahili na kuzitoa kwa mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ili kompyuta zijifunze kutusikia. Hawa wote hawana studio. Wana simu, chumba na majirani.

Zamani sauti ndiyo iliyosafiri kufuata chumba. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake inaswe kwenye santuri, kwa kuwa vifaa na mafundi walikuwa kule. Baadaye studio zikaja Mombasa na Nairobi, kisha zikashuka hadi miji midogo. Halafu ukaja Machi 2020. Shule zikafungwa, masomo ya redio ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yakawa yanasikika kupitia KBC, na watangazaji wa mashirika makubwa ya dunia wakajikuta wanasoma habari ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani. Aibu ya kurekodi nyumbani iliisha mwaka ule. Kelele ndizo hazikuisha.

Nina kauli moja, na nitaitetea hadi tuagane. Anayetaka rekodi tulivu aanze na umbali kati ya mdomo wake na maiki, kisha chumba, kisha saa ya kurekodi. Maiki ya bei kubwa inakuja nyuma ya hayo, na programu ya kusafisha sauti inakuja mwisho kabisa. Wengi wetu tunaanza na programu.

Kwanza tuelewe adui. Mwaka 1953 Mwingereza mmoja, Colin Cherry, aliandika kuhusu jambo ambalo kila mchuuzi wa sokoni hulifanya bila kufundishwa: katikati ya makumi ya watu wanaosema kwa pamoja, unamsikia yule mmoja unayemtaka. Una masikio mawili, na nyuma yake una ubongo unaochambua na kutupa. Maiki ya simu haichambui. Ndiyo maana unakaa chumbani ukaona pako kimya, unarekodi, halafu ukiisikiliza rekodi unakuta jogoo, friji, pikipiki na mtoto wa jirani anayekataa kuoga. Walikuwepo wote. Ubongo wako ulikuwa umeshawazoea.

Kwa hiyo kabla ya kusema neno lolote, rekodi dakika moja ya kutosema kitu. Vaa visikizio, ongeza sauti, sikiliza. Andika kila unachokisikia na kinakotoka. Zoezi hili linachosha kidogo na karibu kila mtu huliruka, lakini hakuna ushauri mwingine utakaokufaa usipojua kama tatizo lako ni mashine ya posho, stima au ukuta.

Sasa sentimita. Kila unapopunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako hufika pale na nguvu zaidi kwa desibeli 6 hivi. Jogoo wa jirani hajasogea; yuko kule kule nyuma ya ua, na sentimita zako hazimhusu. Chukua simu iliyolazwa mezani, sentimita 60 kutoka mdomoni. Ilete hadi 30, umepata desibeli 6. Ilete hadi 15, umepata 12, maana yake nguvu ya sauti yako mbele ya ile ya jogoo imepanda mara kumi na sita na hujatoa hata shilingi. Sentimita 15 ni pungufu ya shibiri. Pima kwa mkono wako sasa hivi, halafu kumbuka mara ya mwisho ulipoiweka simu juu ya kochi ukasimama katikati ya chumba kuhutubia.

Ukisogea hivyo, pumzi itaanza kupiga maiki. Usirudi nyuma. Isogeze simu pembeni kidogo ya mdomo, pumzi ipite mbele yake, au ivalishe soksi safi, nasisitiza safi. Jua pia maiki ya simu yako iko wapi. Kwa simu nyingi ni kile kitundu kidogo chini, karibu na mahali pa kuchajia, na kuna watu wanaoshikilia simu kwa ustadi mkubwa huku kidole kimekiziba.

Simu ina tabia nyingine ambayo wachache wanaijua. Programu zake nyingi za kurekodi hujirekebishia sauti zenyewe: ukisema kwa nguvu zinapunguza, ukinyamaza zinapandisha. Sasa fikiria mhubiri anayependa kutua kati ya sentensi. Kila anapotua, simu inanyanyua kila kilichomo hewani, na kuku wa uani wanaingia wazimawazima kwenye mahubiri. Akiendelea kusema wanazama tena. Msikilizaji anasikia kelele zinazopumua. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kupanga kiwango kwa mkono, kipange mara moja, kisha usikiguse.

Nikiwa kwenye vifaa, niseme neno kuhusu zile maiki za kushika mkononi za kanisani. Watu husema hazishiki kelele. Ukweli ni kwamba zinakulazimisha uzisogelee hadi karibu kuzibusu, na huko kusogea ndiko kunakopunguza kelele. Halafu nyingi kati yake husikia sana mbele, kidogo ubavuni, na nyuma karibu hazisikii. Wanaozitumia huhangaika kuelekeza mbele yake kwa msemaji, jambo ambalo hata mtoto atalifanya. Nusu ya faida iko mgongoni: mgongo wa maiki uelekee barabara, au friji, au dirisha la upande wa soko. Geuza kiti chako, geuza meza ikibidi.

Tuingie chumbani. Vyumba vya ploti zetu nyingi ni vya futi kumi kwa kumi. Kwa kulala vinatosha. Kwa kurekodi ni balaa, kwa sababu urefu na upana vikilingana, mawimbi ya sauti yanayorudi kutoka jozi zote mbili za kuta yanakuwa ya kimo kimoja na yanasaidiana. Chumba cha futi kumi kina uvumi wake karibu na mitikisiko 56 kwa sekunde, na mwingine maradufu yake, 112 hivi. Huo wa pili unaangukia katikati kabisa ya sauti ya mwanamume ya kawaida. Ndiyo maana kuna silabi zinazovuma kama zimesemwa ndani ya pipa na nyingine hazivumi. Na mahali ambapo uvumi huo una nguvu ni ukutani, kwenye pembe, na katikati kabisa ya chumba, pale pale watu wanapoweka kiti. Kaa theluthi moja hivi ya njia kutoka ukuta mmoja. Ni hatua moja tu, na utaisikia tofauti yake.

Halafu mwangwi. Saruji tupu, sakafu ya vigae na vioo vya dirisha hurudisha karibu sauti yote inayovifikia. Hapa nyumba za mbao, ambazo huku milimani bado ziko nyingi, zinaishinda nyumba ya mawe iliyopakwa rangi juzi: mbao nyembamba hutikisika na kula sehemu ya sauti nzito. Kasoro yake ni kwamba mbao hazizuii sana kelele kutoka nje. Mawe yanazuia, lakini yanarudisha. Hizi ni kazi mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya vijana wagongomelee trei za mayai ukutani. Kinachozuia kelele ya nje ni uzito na kutokuwa na upenyo. Kinachoua mwangwi wa ndani ni unene na ulaini. Trei ya mayai haina uzito wala unene wa maana. Inagusa kidogo sauti nyembamba tu, inakusanya vumbi, na ikishika moto inawaka kama karatasi, maana ni karatasi.

Ulicho nacho kinashinda trei. Godoro lililosimamishwa ukutani, likiachiwa nafasi kidogo nyuma yake, linafanya kazi ambayo sponji nyembamba za madukani haziwezi. Blanketi zito la baridi ya Julai, lile la kupigana na ukungu wa Kianjokoma, likunje mara mbili ulitundike. Ulitundike wapi? Wengi hulitundika mbele yao, nyuma ya maiki. Ukitumia maiki inayosikia mbele, inachokitazama ni wewe na ukuta ulio nyuma yako, kwa hiyo blanketi la kwanza liende nyuma ya mgongo wako. Ukitumia simu, ambayo husikia pande zote, jizungushe. Kabati la nguo lililo wazi na kujaa makoti ni zuri sana. Simu isilale juu ya meza tupu. Iwekee leso iliyokunjwa, kwa maana meza inarudisha sauti na kila ukiigusa inabeba mtikisiko hadi kwenye maiki.

Na upenyo. Juu ya madirisha ya nyumba zetu kuna vile vitundu vya hewa vya kudumu, na chini ya mlango pengo la kupitisha vidole. Kelele haiulizi ukuta una unene gani ikiwa mlango una pengo. Taulo lililoviringishwa chini ya mlango, mto kwenye vitundu, na tofauti utaisikia mara moja. Lakini hapa nitasimama na nisisitize kwa sauti kubwa kuliko ya mada yenyewe. Huku ni baridi, na watu huingiza jiko la makaa ndani. Kama jiko liko chumbani, au lilikuwepo na bado lina moto, usizibe kitundu hata kimoja. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Toa jiko, ziba, rekodi, zibua. Kwa utaratibu huo.

Sasa nifike ninapopapenda, kwenye saa. Kila mahali pana ratiba yake ya kelele, na mwenyeji anaijua kuliko mhandisi yeyote. Siku ya Kianjokoma huanza usiku haujaisha. Jogoo, halafu kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu anayepita juu ya nyumba akipiga kelele kana kwamba ameibiwa. Upande wa msituni mbega nao hunguruma kabla ya jua. Pikipiki za maziwa zinapita na mitungi inagongana. Ng'ombe wanaita. Watoto wanatafuta kiatu kimoja. Wachumaji wanaelekea mashambani wakisalimiana kutoka kilima kimoja hadi kingine, bila kushusha sauti, na kwa nini wazishushe? Ukirekodi kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, umejitakia.

Kisha pole pole panatulia. Watoto wako shuleni, wakubwa wako kwenye chai, jogoo amechoka. Ukiniuliza mimi, dirisha lako ni kati ya saa tatu na nusu na saa sita, siku isiyo ya soko. Hata hapo kuna jambo moja, nalo ni mabati. Jua likishayapiga yanapanuka, na ubaridi ukirudi jioni yanasinyaa. Bati la mita tatu likipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka kwa milimita moja tu, lakini misumari imelishika, hivyo inafika mahali linaruka ghafla: tak! Utalisikia zaidi jua linapochomoza vizuri na linapotua. Nyumba yenye siling bodi inapunguza sehemu. Isiyo na siling, ngoja mabati yamalize kupasha joto, yatanyamaza yenyewe.

Mvua ni habari nyingine. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mchana unaweza kugeuka wakati wowote, na tone la mvua kwenye bati ni fimbo kwenye ngoma. Hapa sina ujanja wa kukupa. Hakuna blanketi, hakuna maiki, hakuna programu itakayotoa mvua ya mabati kwenye sauti ya mtu na kumwacha mtu huyo akiwa mzima. Miezi hiyo rekodi asubuhi. Anayekuambia mchana utakuwa mkavu anakupenda tu.

Jioni inarudi na kelele zake. Watoto wametoka shule, majani yanapimwa vituoni, malori yanayapeleka kiwandani yakipanda mlima kwa gia nzito. Halafu watu wanasema, basi nitarekodi usiku, kumenyamaza. Kumenyamaza wapi? Kuna nyenje, kuna vyura bondeni, na karibu na msitu kuna perere, mnyama asiyezidi sungura kwa ukubwa ambaye usiku hupasua kilio kinachoweza kumfanya mgeni atafute panga. Na kuna jambo la hewa yenyewe. Mchana ardhi imepata joto, hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, na sauti inapinda kwenda angani. Usiku ulio wazi ardhi hupoa haraka, ubaridi unatuama chini na mabondeni, na sauti inapindwa kurudi chini, inasafiri mbali bila kupotea. Ndiyo sababu kesha la kilima cha pili, ambalo mchana usingelijua, usiku unalisikia hadi maneno. Hakuna aliyeongeza spika. Hewa imegeuka.

Kuhusu majirani, sheria ipo. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya nyumba za makazi. Kwa baa yenye spika nje, kanuni hiyo ina kazi. Kwa mama jirani yako mwenye mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, kumtajia kanuni ni wazimu. Nenda kwake asubuhi.

"Mama, habari ya asubuhi? Mashine utaiwasha saa ngapi leo?"

"Kwani kuna nini?"

"Nataka kurekodi kidogo. Nusu saa haifiki."

"Si ungesema! Basi acha nichume kwanza, nyasi nitakata nikirudi."

Mazungumzo ya namna hii yanapunguza kelele nyingi kuliko maiki yoyote iliyoko madukani Nairobi. Na huku kwako mwenyewe, lisha ng'ombe kabla ya kurekodi, maana ng'ombe aliyeshiba haiti. Mbwa apelekwe shambani na mtu anayempenda.

Stima nayo ina sauti. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na vitu vyake vingi huimba kwa 50 na kwa 100: friji, taa za mirija, chaja za bei ya chini. Ule uvumi wa mmm chini ya sauti yako unatoka huko. Rekodi simu ikiwa haijachomekwa. Zima friji kwa muda, na uache funguo zako juu yake usije ukasahau kuiwasha maziwa yakaharibika. Simu iweke katika hali ya ndegeni. Kukata simu zinazoingia ni faida ya wazi. Nyingine ni kwamba simu ikishuka hadi mtandao wa 2G hutuma mawimbi kwa vipande zaidi ya 200 kila sekunde, na vipande hivyo huingia kwenye nyaya za maiki kama ule mlio wa spika sekunde chache kabla ya simu kulia. Redioni tunaujua mlio huo vizuri. Wageni wetu wa studio huuleta mifukoni.

Nimefika kwenye programu, na nitakuwa mfupi. Audacity ni ya bure, ilitoka mwaka 2000 kutoka kwa watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na bado inawatosha wengi. Kazi yake ya kupunguza kelele inahitaji sampuli ya kelele peke yake, kwa hiyo kila unaporekodi acha sekunde kumi za kimya mwanzoni, usipumue kwa nguvu, usivute kiti. Programu inajifunza kutoka hapo na kuipunguza kelele hiyo kote. Inafanya vizuri kwa kelele isiyobadilika: uvumi wa stima, feni, mto wa mbali. Kwa jogoo haifanyi, kwa sababu jogoo hakuwemo kwenye sampuli, na hata angekuwemo, hawiki sawasawa mara mbili. Fikiria chai ya sufuria: chujio linatoa majani, lakini maziwa yakishachanganyika na maji hakuna chujio la kuyatenganisha. Ukilazimisha programu itoe kila kitu, inaanza kula sauti yako, na mtu anasikika kana kwamba anazungumza ndani ya maji. Kata sauti nzito zilizo chini ya mitikisiko 80 kwa sekunde, ambako hakuna neno la mtu bali malori na meza iliyogongwa, punguza kelele kidogo, kisha uache. Zile programu mpya za akili unde ni kali zaidi, na mimi nazitumia, lakini kwa mzee anayesema Kiembu kwa sauti ya chini, anayetua katikati ya jina la mtu, nimesikia zikifuta pumzi, zikafuta mtuo, zikaacha maneno yaliyofuatana kama tangazo la uwanja wa ndege. Kati ya jogoo na hilo, nipe jogoo.

Na jogoo huyo si lazima awe kosa. Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Afrika Mashariki na mashine zake mwaka 1950 na kuwanasa Wakipsigis wakiimba Chemirocha, hakuwa na studio. Alirekodi vijijini mwa watu, na rekodi hizo, zilizohifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini, bado zinasikilizwa. Nje kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: hakuna kuta za kurudisha mwangwi. Siku isiyo na upepo, kivulini, mbali na barabara, kwa umbali ule ule wa shibiri pungufu, unaweza kupata sauti safi kuliko ya sebule yenye vigae. Kwa nyanya anayesimulia, mimi ningemrekodi kwenye baraza yake. Mbuzi akipita mbali, kuni zikipasuka jikoni, acha vipite, ilmradi kila neno la nyanya linasikika. Kwa tangazo la biashara au somo la hesabu, hapana; huko msikilizaji hajaja kusikia mbuzi. Amua kabla ya kurekodi ni kazi ipi kati ya hizo unayoifanya, kwa maana watu wengi huanza na moja wakamaliza na nyingine.

Limebaki jambo la kutuma, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ili upite kwenye mtandao hafifu, na kilichobanwa hakirudi. Kwa salamu hakuna neno. Kwa kituo cha redio au kwa fundi wa muziki, rekodi kwa programu nyingine, halafu itume faili kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Itachukua bando zaidi na itachelewa kidogo kufika. Ipe faili jina lako, jina la mahali na tarehe, kwa sababu upande wa pili kuna mtu aliyepokea faili arobaini zinazoitwa "rekodi mpya". Na ile rekodi ya kwanza, ambayo bado haijapita kwenye programu yoyote ya kusafisha, usiifute kwenye simu hadi mhariri akujibu kwamba amesikiliza na imemtosha.